Uzi: Usafi wa helmeti, bukta na glovu za baiskeli zilizolowa jasho, kwa sisi tunaoishi ukanda wa pwani

Mwendapole aliandika:

Wakuu, salaam. Kila msimu wa kaskazi unapoanza, maswali kuhusu uvundo wa helmeti na bukta za baiskeli hujirudia humu, kwa hiyo nimeona niyakusanye mahali pamoja ninayoyafahamu, ili anayeanza apate pa kushika na mwenye uzoefu zaidi apate pa kukosoa. Ninaandika nikizingatia hali ya Dar es Salaam na mwambao kwa jumla, ambako kati ya Desemba na Machi mtu anaweza kutoka Mbezi Beach saa kumi na moja alfajiri, akafika Bagamoyo na kurudi, na jezi yake isikauke hata kidogo njiani kwa sababu hewa yenyewe imeshiba unyevu.

Jasho linapotoka mwilini halina harufu ya kutajika, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maji na chumvi. Harufu huletwa na bakteria wa kawaida wanaoishi juu ya ngozi, ambao huyavunjavunja mabaki ya jasho na mafuta ya mwili pale wanapopata joto, unyevu na muda wa kutosha. Joto la huku hatuna namna ya kulipunguza, na unyevu wa hewa vilevile; kilichobaki mikononi mwetu ni muda peke yake. Ndiyo maana ninashikilia kwamba maji matupu yakitumika ndani ya saa moja baada ya kushuka kwenye baiskeli hufanya kazi kubwa kuliko sabuni kali itakayotumika kesho yake jioni, baada ya vifaa kulala ndani ya begi au buti la gari.

Sasa helmeti. Wengi huogopa kuilowesha wakidhani maji yataiharibu, na hofu hiyo haina msingi. Mwili wa helmeti ya baiskeli ni povu gumu jeupe la polistirini, ambalo halinywi maji kama sifongo, na juu yake kuna gamba jembamba la plastiki. Kiwango cha usalama cha Marekani kijulikanacho kama CPSC, kinachotumika kwa helmeti zote zilizotengenezwa tangu Machi 1999, kinataka baadhi ya sampuli zizamishwe majini kwa muda wa saa 4 hadi 24 kabla ya kupigishwa chini kupimwa nguvu. Kwa hiyo beseni la maji ya bomba kwa dakika chache halitaidhuru.

Kinachoiua helmeti ni kemikali na joto. Petroli, mafuta ya taa, tina na asitoni huyeyusha polistirini, na mara nyingine uharibifu huo hufanyika chini ya gamba pasipo jicho kuuona. Nimeshuhudia gereji ambako kijana alifuta madoa ya grisi kwenye helmeti kwa kitambaa chenye petroli, na gamba likabaki linang'aa vizuri huku povu ndani ya matundu limeliwa hadi limekuwa na vishimo. Dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu yenye DEET nayo hula baadhi ya plastiki pamoja na nyuzi za lastiki, jambo linalotuhusu sana sisi tunaojipaka kabla ya mapambazuko na kisha kushika helmeti, miwani na bukta kwa mikono ileile. Joto la ndani ya gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani halitayeyusha povu, lakini gundi inayoshikilia gamba na vipande vya velkro hulegea, na wenye helmeti ambazo gamba lake limevimba mapovumapovu wanajua ninachokisema.

Utaratibu wangu wa kuosha ni huu. Ninabandua kwanza sponji zote za ndani, nikitazama kila moja ilikaa wapi, kwa maana sponji ya kipaji cha uso na za pembeni mara nyingi hazifanani na huwezi kuzirudisha kwa kukisia. Picha ya simu inatosha. Sponji hizi ninazikamua ndani ya maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya shampuu ya watoto au sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, bila kuzisokota, kwa sababu kusokota huchana kitambaa kilichofunika povu lake laini. Maji ya kwanza hutoka na rangi ya chai ya rangi. Ninaendelea kuyabadilisha hadi yatoke meupe na yasiwe na povu, kisha ninazibana katikati ya taulo kavu na kuziacha kivulini penye upepo.

Wakati sponji zinakauka, ninageukia mikanda, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu iliyosahaulika kuliko zote. Tazama pale mikanda miwili inapokutana chini ya sikio: kuna kishikizo cha plastiki, na nyuma yake utakuta utepe umekauka na kuwa mgumu kama kamba ya katani kutokana na chumvi na mafuta ya ngozi. Hapo ninatumia mswaki wa zamani wenye nywele laini, nikisugua kwa kufuata urefu wa utepe. Kifungo cha kidevuni nacho kina pembe za ndani ambamo chumvi na vumbi hugandamana hadi kikaanza kufunga kwa shida. Kukichovya katika maji ya uvuguvugu na kukifungua na kukifunga mara kadhaa humohumo majini husaidia. Kidude cha kuzungusha cha kukazia nyuma ya kichwa kinahitaji kumwagiwa maji tu. Kisipakwe mafuta ya mnyororo hata kikikwaruza.

Helmeti zenye ule utando wa plastiki wa MIPS ndani yake zioshwe kwa uangalifu kidogo zaidi. Utando huo umeundwa uteleze kidogo kichwa kinapogonga kwa mshazari, hivyo usiung'oe. Pitisha maji safi kati yake na povu, kung'uta, basi.

Kwa bukta yenye pedi nitakuwa mkali zaidi, kwa sababu hapa suala si harufu peke yake bali ni afya ya ngozi. Pedi iliyovaliwa mara mbili bila kuoshwa, ikakutana na msuguano wa kiti kwa saa kadhaa, huleta vipele na majipu kwenye mizizi ya vinyweleo, mahali ambapo hutapenda kumwonyesha mtu yeyote. Ukifika nyumbani vua mara moja hata kama utakaa kwanza kunywa maji na kusimulia safari. Igeuze ndani nje, isuuze kwa maji mengi ya baridi, kisha ifue kwa sabuni kidogo kuliko unavyodhani inahitajika. Sabuni iliyobaki ndani ya pedi ni adui sawa na jasho, maana ukianza kutoka jasho safari ijayo inalowa upya na kukuwasha. Njia ya kupima ni rahisi: baada ya kusuuza, bana pedi kwa vidole viwili, maji yakitoka na weupe wa maziwa, rudi bombani.

Na hapa kuna jambo la Dar ambalo maelekezo ya viwandani hayalisemi. Nyumba nyingi zinatumia maji ya kisima yenye chumvi na madini mengi. Sabuni ya mche katika maji ya namna hiyo haitoi povu la maana, bali inashikana na kalsiamu na magnesiamu na kuacha utando mweupe unaonatanata, ambao huziba vitundu vya kitambaa na kuifanya pedi kuwa ngumu. Wanaotumia maji hayo ninawashauri watumie sabuni ya unga au ya maji, ambayo huvumilia madini vizuri zaidi, na kama inawezekana wasuuze mara ya mwisho kwa maji ya bomba au ya mvua.

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ambayo wengi wetu tunaiita jiki, isiguse bukta wala jezi. Inakata nyuzi za lastiki, na bukta iliyokuwa ikibana vizuri inabaki kuning'inia mapajani. Dawa ya kulainisha nguo nayo, pamoja na manukato yake mazuri, huzipaka nyuzi za polista tabaka linalozuia jasho kusambaa na kukauka, na tabaka hilohilo hushika harufu ya zamani. Pasi sihitaji kuitaja.

Ninawakaribisha kwa nyongeza na maswali.

Bi Pedeli aliandika:

Ahsante sana Mwendapole, umeeleza vizuri. Ningependa kuuliza kwa niaba ya akina dada. Mimi husuka nywele na hupaka mafuta kichwani, na juu yake huvaa ushungi mwembamba kabla ya helmeti. Sponji zangu huwa na utelezi hata baada ya kuoshwa kwa shampuu. Je, kuna namna ya kuondoa mafuta hayo, au ninunue sponji mpya kila mara? Na je, ushungi ndani ya helmeti unaleta tatizo la usafi au unasaidia?

Mwendapole aliandika:

Karibu dada. Ushungi unasaidia sana, mradi uwe wa kitambaa chepesi na usiwe na fundo wala pini nyuma ya kichwa, kwa sababu fundo huinua helmeti na kuifanya ikae kishogoni badala ya kukaa sawa juu ya paji la uso. Kitambaa kinachokwenda kichwani ndicho kinachopokea jasho na mafuta, na kukifua kila siku ni kazi ndogo kuliko kuosha sponji kila siku. Hata wanaume wenye upara wanashauriwa kuvaa kikofia chembamba kwa sababu hiyohiyo.

Kuhusu utelezi, shampuu ya watoto ni laini mno kwa mafuta mazito ya nywele. Tumia sabuni ya kuoshea vyombo, tone moja kwa kila sponji, uipake ikiwa bado kavu, uiache kwa dakika kumi ndipo uitie maji. Ukitia maji kwanza, sabuni inakonda kabla haijayafikia mafuta. Suuza kwa subira, kwa kuwa sabuni hiyo ina povu jingi na ikibaki itakushukia machoni ukianza kutoka jasho.

Fundi Spoku aliandika:

Mkuu, ninakubaliana na mengi, lakini hukulisema jua. Sisi tulikuzwa tukijua kwamba jua ndiyo dawa ya kila kilichovunda, godoro, mito, hata viatu vya shule. Mimi helmeti na glovu huziweka juu ya bati kuanzia asubuhi, na jioni hazina harufu kabisa. Kwa nini tuhangaike na kivuli?

Mwendapole aliandika:

Fundi, hoja yako ina uzito na siipuuzi, kwa sababu mionzi ya jua kweli huua vijidudu na joto hukausha haraka. Tatizo ni kwamba mionzi hiyohiyo hupausha mikanda, huchosha lastiki na kuifanya plastiki ya gamba iwe kavu na rahisi kupasuka kadiri miaka inavyokwenda. Bati la mchana wa Januari ni jambo jingine tena: lishike kwa kiganja uone kama utaweza kuhesabu hadi tano. Viwango vya CPSC na EN 1078, ambacho ni cha Ulaya, huipima helmeti baada ya kuwekwa kwenye joto la takriban nyuzi 50 za Selsiasi, na bati la saa saba mchana linaweza kuuvuka ukomo huo kwa urahisi.

Mimi ninafanya hivi: bukta iliyogeuzwa, pedi ikitazama juu, inapata jua la asubuhi hadi kwenye saa nne, kisha inahamia kivulini. Glovu vilevile. Helmeti yenyewe haipelekwi juani hata kidogo, kwa kuwa povu na gamba havibaki na maji mengi. Ukiikung'uta na kuitundika kwa mkanda karibu na dirisha, upepo wa bahari unamaliza kazi. Kama nyumba haina upepo, pangaboi kwa usiku mmoja linatosha.

Nyika ya Ngong aliandika:

Hamjambo nyote. Huku Nairobi shida yetu ni kinyume chake. Mwezi wa Julai mawingu hayaondoki, baridi ni ya kutosha, na bukta iliyofuliwa jioni bado ni mbichi asubuhi, nayo huanza kunuka kwa kukawia kukauka. Ninachofanya ni kuitandaza juu ya taulo kubwa kavu, kuviringisha vyote pamoja kama mkeka, kisha kukanyagakanyaga kwa miguu mitupu. Taulo hunywa maji mengi sana, na bukta inayotundikwa baada ya hapo hukauka kabla ya kupambazuka hata ndani ya nyumba. Kusokota kwa mikono ninakukwepa, kwani kunakunja pedi na kuiacha na mabonde.

Ningependa kuongeza pia habari ya siki, ambayo hukuitaja. Glovu zangu zilizokuwa zimekataa kupoteza harufu nilizilowesha kwa nusu saa katika maji yenye siki nyeupe kidogo, kisha nikazifua kama kawaida, na zikarudi kuwa glovu.

Mwendapole aliandika:

Ndugu wa Ngong, njia ya taulo ni bora na ninaiunga mkono hata kwa masika ya huku, ambapo kuanzia Machi hadi Mei hali yetu haitofautiani sana na hiyo yako, ukiacha baridi.

Siki inafanya kazi kwa kuwa asidi yake huyeyusha utando wa madini na sabuni uliogandamana kwenye nyuzi, hivyo harufu iliyonaswa chini yake inapata kutoka. Isitumike kila wiki, bali pale nguo inapokuwa imeshindikana. Onyo moja ambalo ninaomba kila msomaji alishike: siki na jiki visikutane katika beseni moja, wala kimoja kisifuate kingine kabla ya kusuuza sawasawa, kwa sababu mchanganyiko wake hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo ndani ya bafu dogo lisilo na dirisha ni hatari kwa mapafu.

Kwa glovu kwa ujumla, njia nyepesi ni kuzivaa na kunawa nazo mikono kwa sabuni, ukisugua kiganja kwa kiganja na katikati ya vidole, hasa kile kitambaa laini cha kwenye kidole gumba tunachofutia jasho na, tuseme ukweli, makamasi.

Kijiwe cha Stendi aliandika:

Naomba kuuliza jambo lililo karibu na mada. Mimi ni dereva wa bodaboda, na abiria wengi huikataa helmeti ya pili kwa sababu ya harufu na hofu ya mapunye. Sponji zake hazibanduki kama za baiskeli. Nifanyeje?

Mwendapole aliandika:

Mkuu, hofu ya abiria wako si ya bure, kwani fangasi wanaosababisha mapunye wanaweza kuhama kupitia kofia, vitana na taulo za kuchangia. Kabla hujakata tamaa, ingiza vidole kati ya kitambaa cha ndani na povu, uangalie kama kuna vibonyezo. Helmeti nyingi za pikipiki zina mashavu yanayobanduka ambayo mwenyewe hajawahi kuyajua. Kama kweli imegandishwa, jaza beseni maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, igeuze helmeti na kuizamisha sehemu ya kitambaa, ibonyezebonyeze kwa kiganja, kisha suuza kwa maji yanayotiririka. Ifanye kazi hiyo jioni ya siku ambayo kesho yake hufanyi kazi, kwa sababu kitambaa kinene huchukua muda mrefu kukauka, na helmeti mbichi kichwani kwa abiria ni mbaya kuliko ile chafu. Kati ya siku hizo, vikofia vyepesi vya kuvaa mara moja ndiyo suluhisho la uhakika, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na abiria anayekukimbia. Kupuliza manukato juu ya uchafu hakusaidii; baada ya siku moja kunakuwa na harufu mbili.

Bi Pedeli aliandika:

Nimejaribu sabuni ya vyombo kwenye sponji kavu kama ulivyoelekeza, na utelezi umetoka, ila sponji moja ya mbele imeachana na kitambaa chake na povu linamong'onyoka kama unga. Helmeti yenyewe niliinunua mtumba. Madukani sipati sponji za aina yake.

Fundi Spoku aliandika:

Dada, nenda kwa fundi wa viti vya magari na sponji yako ya zamani. Ana povu jembamba la unene wa milimita tano hivi na ana kitambaa cha kushonea; mwambie akukatie kwa kufuata umbo lilelile, na upande wa chini ashone kipande cha velkro chenye manyoya, kwa kuwa upande wenye vikulabu tayari umebandikwa ndani ya helmeti. Unene usizidi wa mwanzo, maana sponji nene itaifanya helmeti ielee juu ya kichwa.

Mwendapole aliandika:

Ninakubaliana na Fundi, na ninaongeza kwamba sponji hizo ni za starehe na za kunyonya jasho tu. Kinachokulinda ni povu gumu, kwa hiyo hilo lisichongwe wala kupunguzwa ili sponji mpya ikae. Kwa kuwa ni ya mtumba, usimpelekee fundi chochote kabla hujaikagua. Shika helmeti kwa mikono miwili, ibinye pembeni taratibu, usikilize kama kuna mlio wa kukatika, na upitishe ukucha ndani ya kila tundu kutafuta ufa. Povu likishabonyea au kupasuka katika ajali halirudi hali yake, na usafi wowote hautalirekebisha.

Kisha tafuta karatasi ndogo iliyobandikwa ndani, mara nyingi chini ya sponji ya juu, ambako huandikwa mwezi au robo ya mwaka na mwaka wa kutengenezwa. CPSC, yaani tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ambayo kile kiwango kimepewa jina lake, hushauri helmeti ibadilishwe kati ya miaka 5 na 10, kutegemea matumizi, na mara moja baada ya kugonga chini. Ikiwa yako imepita umri huo, fedha ya fundi iweke kwenye kibubu cha helmeti mpya. Kama bado iko ndani ya muda na haina ufa, mpelekee fundi sponji zote kwa pamoja, kwa sababu zile nyingine ni za umri uleule na hazitachelewa kumong'onyoka.